Moja Nukta Tatu

Barua ya Profesa Masudi ilikuwa na aya tatu tu, lakini niliisoma mara nne kwa sababu sikuamini kwamba inanihusu mimi. Ilisema kuwa katika tathmini ya wanafunzi ya semesta ya kwanza nimepata wastani wa moja nukta tatu kati ya tano. Ilisema hakuna mhadhiri mwingine wa idara yetu aliyewahi kufika huko. Aya ya mwisho ndiyo iliyonikata maini: mkataba wangu wa miaka mitatu unaisha Septemba, na chuo hakimwongezei mkataba mtu aliye chini ya tatu. Kwa hiyo naelekezwa kuhudhuria mafunzo ya ufundishaji ya wiki mbili wakati wa likizo, kisha darasa lilelile litanipima tena mwisho wa semesta ya pili.

Naitwa Yasinta, nafundisha sayansi ya udongo mwaka wa kwanza. Kabla ya kuja chuoni nilikuwa mtafiti wa kilimo kwa miaka kumi na sita, nikichimba mashimo kutoka Manyoni mpaka Kondoa na kuandika yaliyomo. Nina miaka hamsini na moja. Umri huo ukitoswa na chuo, hakuna ofisi nyingine inayokusubiri. Pia nina hasira za karibu, na hilo nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine.

Lakini moja nukta tatu? Darasa langu nililijua, au nilidhani nalijua. Kila Jumanne nilitoka nyumbani Area D na bajaji iliyobeba viroba vitatu: udongo mweusi wa mbugani, kichanga cha Zuzu, na ule mwekundu wa makorongo ya Kondoa. Wanafunzi mia na themanini waliingia wakalowesha mikono, wakakanda, wakaviringisha udongo uwe mwembamba kama kidole mpaka ukatike, maana hapo ndipo unapojua mfinyanzi ni mwingi au mchache. Niliyemwona ana mikono misafi nilimwita mbele. Niliwagombeza, niliwatania, niliwasimulia mashamba niliyoyaona yakifa na jinsi yalivyokufa. Kengele ya saa sita ikilia hawakutoka. Mara nyingine mimi ndiye niliyewafukuza waende kula.

Nikamwendea Profesa Masudi ofisini kwake. Ni mkuu wetu wa idara, mtu mpole anayekunja barua mara mbili kabla ya kuiongelea.

"Na maoni waliyoandika?" nikamuuliza.

Akageuza kompyuta nione. Majina hayakuwepo. Wengi hawakuandika kitu, lakini wachache walikuwa wameandika: *Madam aendelee hivyohivyo. Kipindi kiongezwe. Tunaomba tusibadilishiwe mwalimu.*

"Hii ni nini sasa?" nikasema. "Mtu anakupa moja halafu anasema aendelee?"

"Kejeli, Dokta," alisema kwa upole. "Vijana wa siku hizi."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Nilikumbuka wanavyocheka darasani, nikajiuliza siku zote walikuwa wanacheka na mimi au wananicheka mimi. Wiki nzima sikulala vizuri kwa swali hilo.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi mdogo wa jengo la utawala. Mkufunzi wetu alikuwa Cornel, kijana wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, ambaye ndiye mkuu wa kitengo cha kuboresha ufundishaji. Adabu zake hazikuwa na kasoro. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akaanza kunisahihisha.

"Dokta, mwisho wa kipindi mwanafunzi wako ataweza kufanya nini?"

"Ataujua udongo."

"Kujua hakupimiki."

"Basi atauelewa."

"Kuelewa ndiyo kabisa. Angalia pale." Ukutani alikuwa amebandika karatasi yenye vitenzi vinavyoruhusiwa: kutaja, kuorodhesha, kubainisha, kulinganisha.

Nikachagua kutaja. Nilikaa na karatasi yangu nikijaribu kufikiria mkulima wa Busi, kule Kondoa, aliyenusurika na mmomonyoko kwa sababu afisa kilimo wake aliweza kutaja.

Siku ya nne tulifundishana wenyewe kwa wenyewe kwa dakika kumi kumi, wenzetu wakijifanya wanafunzi. Nilimpa udongo mwalimu mmoja wa uhasibu, akasema hawezi kuchafua shati. Nikamwambia yeye ni mvivu. Cornel akasimamisha saa yake.

"Dokta, dakika nne umeongea peke yako. Na umemwita mwenzetu mvivu."

"Si ni mvivu."

"Hayo ndiyo tunayaita mazingira yasiyo rafiki."

Wenzangu waliinamia madaftari yao. Nilitaka kubeba kiroba changu niondoke, lakini niliogopa. Naliandika hili wazi maana baadaye watu waliniuliza kwa nini nilikubali mambo yote yale. Niliogopa Septemba.

Tena si kwamba kila kitu kilikuwa upuuzi, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa kushika njia. Cornel alitufundisha kwamba ukiuliza swali unyamaze, usijijibu mwenyewe. Niliporudi nyumbani nikajikumbuka, nikaona kweli, maswali yangu yote huwa nayajibu mimi. Kama ana haki katika hilo, nikasema, basi huenda ana haki katika yote, na mimi nimekuwa mwalimu mbovu bila kujua. Nikaamua kubadilika moja kwa moja, nisibakize hata unyoya wa zamani.

Semesta ya pili viroba vilibaki nyuma ya nyumba yangu, kuku wakavipekua. Niliingia darasani na projekta na slaidi arobaini na mbili. Niligawa vikundi vya watu sita na kadi za rangi: kijani kwa aliyeelewa, njano kwa mwenye swali. Sikumgombeza mtu. Sikumtania mtu. Hadithi za mashamba niliziacha kwa sababu hazikuwa na kitenzi chake ukutani. Nikiuliza swali nilinyamaza, na darasa nalo likanyamaza, tukatazamana. Kengele ikilia walitoka wote kwa pamoja, tena kimya, nami nikajisemea kwamba hiyo ndiyo nidhamu ya mafunzo mapya.

Wiki ya tano akaja ofisini kwangu Naima, binti wa Kondoa, mtoto wa mkulima wa huko Busi. Alikuwa mmoja wa wale ambao semesta ya kwanza walikaa mbele na kwenda nyumbani na udongo kwenye kucha. Alisimama mlangoni ameshika kopo la maziwa ya unga.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, Naima. Ingia."

Hakuketi. "Madam, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Kwani vipi?"

"Darasa linasema umetususa."

"Huu ni ufundishaji shirikishi," nikamwambia. "Sasa ninyi ndio mnaotakiwa kuongea zaidi."

"Sawa, madam." Alifikiri kidogo. "Nilikuja na huu udongo. Baba amenitumia kwa basi. Ni wa shamba letu, korongo limekula mpaka karibu na mlango. Nilitaka unionyeshe kwa nini huu wa kwetu unaondoka na maji na wa jirani unabaki."

Alifungua kopo. Ulikuwa mwekundu, mkavu, una chembe zinazong'aa, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshatoka juu ya meza. Nikaurudisha. Mpango wa kozi ulikuwa umebandikwa mbele yangu, na mmomonyoko ulikuwa wiki ya kumi na moja.

"Liandike swali lako kwenye kadi ya njano," nikasema. "Tutalifikia."

Akafunika kopo lake, akanishukuru, akaondoka. Niliandika kwenye daftari la tafakuri, ambalo Cornel alitutaka tuwe nalo, kwamba leo nimefanikiwa kutotoka nje ya mpango.

Mwanzoni mwa Julai Profesa Masudi hakuniandikia barua. Alikuja mwenyewe, na soda mbili mkononi.

"Nne nukta saba," alisema. "Dokta, nne nukta saba. Hakuna aliyewahi kupanda hivi katika chuo hiki. Nimemwonyesha hata Naibu Makamu Mkuu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mkataba mpya alikuwa nao kwenye bahasha, nikausaini palepale juu ya goti, ukabaki kusubiri saini ya juu. Kisha akasema kuna ombi dogo. Jumatatu inayofuata Cornel anaanza mafunzo ya awamu nyingine, wahadhiri kumi na tisa wenye alama za chini, na wangependa niwaeleze nilivyobadilika. Nikakubali. Nilikuwa na furaha, ingawa ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakikukaa sawa. Darasa lile kimya lilinipenda kiasi hiki lini?

Nikaona walau niwashukuru. Mitihani ilikuwa imekwisha na wanafunzi wanafunga mabegi, lakini nilimpata Mudrick, kiongozi wa darasa, nikamwambia aje na Naima. Waliingia pamoja na kukaa kwenye ncha za viti.

"Nimewaita niwashukuru kwa tathmini," nikasema. "Mmenipa nne nukta saba."

Mudrick akamwangalia Naima. "Madam, tusamehe," alisema.

"Niwasamehe kwa lipi?"

"Tulijua utakasirika. Lakini darasa ndilo lililoamua, si mimi peke yangu."

"Mudrick, nimesema nawashukuru."

"Ndiyo, madam. Tumeelewa." Alijibu kwa sauti ya mtu anayepokea adhabu.

Nikahisi joto linanipanda shingoni, lile la siku zote. "Hebu mmoja wenu aniambie kinachoendelea hapa."

"Madam," Mudrick alisema polepole, "moja si ndiyo ya juu?"

"Ya juu kivipi?"

"Kama divisheni za kidato cha nne. Wani ndiyo ya juu, unashuka tuu, thrii, foo, mpaka ziro. Sasa pale zipo tano, ya tano tukajua ndiyo ziro."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Mimi, madam. Semesta ya kwanza. Kwenye simu vinaonekana viduara vitano na namba, basi. Maelezo yapo ukurasa wa mwanzo, na ule kila mtu anaupita haraka, maana usipojaza huoni matokeo yako. Watu wakaniuliza, nikasimama mbele nikawaambia wani ndiyo bora. Wasio na bando la intaneti niliwajazia mwenyewe, kwa ruhusa yao."

"Na GPA je, wastani wenu wa matokeo? Huko si mmeona tano ndiyo ya juu?"

"GPA tuliiona baada ya kujaza. Hii ya pili tukasema tufuate ileile, tusichanganye watu."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza kana kwamba ni hesabu ngumu. "Kwa hiyo semesta ya kwanza mlinipa..."

"Tulikupa wani, madam," alisema Mudrick. "Karibu darasa zima. Wachache tu ndio walioweka tuu."

"Na hii ya pili?"

Mudrick akaangalia sakafu. Aliyejibu ni Naima. "Ya pili tulikupa tulichokiona."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua la kufanya.

"Lile kopo la baba yako," nikasema, "bado unalo?"

"Nililimwaga, madam."

"Lete jingine. Lete wakati wowote. Mwaka ujao kwenye mchepuo wa udongo tutakuwa na maabara, tutaupima vizuri."

"Mimi nilijaza biashara ya kilimo," alisema. "Dirisha la kuchagua mchepuo lilifungwa Ijumaa."

Nikamuuliza Mudrick ni wangapi waliochagua udongo. Alisema anasikia ni watano. Mwezi wa Januari wanafunzi arobaini walikuwa wameniambia kwa midomo yao kwamba wanakuja kwangu. Niliwaaga vizuri, nikafunga mlango, nikalia. Sikulia kwa ajili ya mkataba, maana mkataba nilikuwa nao.

Siku ileile nilikwenda kwa Profesa Masudi na kumweleza. Mwanzoni hakunielewa. Baadaye alinielewa, na nikaona anajuta kunielewa.

"Ngoja, Dokta. Mwaka wa tatu wanajua tano ni juu."

"Nadhani wanajua."

"Mwaka wa pili?"

"Inategemea waliambiwa nini walipokuwa wa kwanza. Na nani aliwajazia."

"Mwaka wa kwanza wengine, nje ya darasa lako?"

"Sijui, Profesa."

Aliikunja karatasi iliyokuwa mbele yake mara mbili, kisha mara ya tatu. "Tuna walimu tuliowaondoa kwa namba hizi," alisema. "Na tuna tuliowapandisha." "Saini ya juu haijarudi. Ukilisema hili sasa, mkataba wako ndio wa kwanza kurudishwa, kwa sababu umepitishwa kwa nne nukta saba, na nne nukta saba ndiyo hiyo unayoniambia. Nyamaza mpaka isainiwe. Baadaye tutaliingiza kwenye kikao, taratibu."

Nikakubali. Mimi niliyezoea kumwita mbele mwenye mikono misafi, nikakubali kunyamaza, nikarudi nyumbani Area D kuandaa maelezo ya jinsi nilivyobadilika.

Jumatatu ukumbi ulikuwa umejaa. Cornel alirusha ukutani picha ya mstari unaopanda kutoka moja nukta tatu hadi nne nukta saba, na chini yake jina langu. Profesa Masudi alikaa mstari wa mbele. Nilisimama nikaeleza habari za kadi na vikundi, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, na wale kumi na tisa waliandika kila neno. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba waliandika.

Nilipomaliza alinyanyuka mzee mmoja aliyevaa koti la suti jua la saa nne, Dokta Abubakari wa idara ya hisabati. Nilimfahamu kwa sura tu.

"Mimi nafundisha mwaka wa kwanza," alisema. "Nimepewa moja nukta nane. Miaka ishirini nimefundisha kwa chaki, naandika ubaoni mpaka bega linauma, na anayeshindwa namfuata hadi alipokaa. Sijui kufundisha vingine. Nimebakiza miaka miwili nistaafu na sitaki kuondoka kwa aibu. Nitajie kitu kimoja tu, mama, ambacho nikiache."

Nikamtazama Profesa Masudi. Alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja.

"Usiache kitu," nikamwambia Abubakari.

Kisha nikawaeleza yote. Niliwaeleza viduara vitano, na divisheni, na Mudrick akiwajazia wasio na bando. Niliwaambia kwamba semesta waliyonipa moja ndiyo niliyofundisha, na semesta waliyonipa tano ndiyo waliyonikimbia, wakabaki watano. Nikasema mkataba nilioupata nimeupata kwa kufundisha vibaya, na haujasainiwa, na pengine sasa hautasainiwa. Hapo Profesa Masudi alinyanyuka, akatoka na simu sikioni.

Abubakari alikuwa bado amesimama. "Kwa hiyo mimi ni mwalimu mzuri?"

"Sijui," nikasema. "Huenda ni mzuri, huenda ni mbaya. Namba haisemi. Nenda kawaulize wenyewe, leo hii, kabla hujajifunza kitu chochote hapa."

Alikusanya karatasi zake, akavaa miwani, akatoka. Wakafuata wengine wawili, halafu wengi. Wengine walikuwa wanapiga simu kabla hata ya kufika mlangoni. Tulibaki mimi na Cornel na zile kadi za rangi mezani. Nilitegemea anilaumu kwa kumvunjia mafunzo, nami nilikuwa tayari kujibizana naye.

"Mama," alisema. Siku zote alikuwa ananiita Dokta. "Mimi darasa langu lilikuwa la mwaka wa kwanza. Lilinipa nne nukta tisa. Ndiyo maana nikapewa kitengo hiki."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.